Sina Haki Yoyote Ndani ya Nyumba Hiyo

Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa na tabia ya kufa siku za mshahara, na siku hiyo nayo haikuiacha tabia yake. Ukumbi wa chini ulijaa watu wa kila aina: wenye mizigo, wenye watoto migongoni, wenye magoti mabovu, na wenye ndimi ambazo hazijapata kuugua hata siku moja. Mbele ya mlango wa chuma uliofunguliwa, nyaya zake zikining'inia kama utumbo, alikuwa amepiga goti fundi mmoja mrefu, ovaroli lake la buluu limepauka mabegani, akiipokea mvua ya maneno bila mwavuli.

"Fundi, umekuja kuitengeneza au umekuja kuiombea dua? Naona umepiga goti tu!"

"Mwacheni jamani, huenda anatafuta pete ya mkewe."

"Sina mke," fundi akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana nina muda wa kuwasikiliza."

Kicheko kikapita ukumbini, na hasira za watu zikapungua kidogo. Kando ya ngazi alikuwa amesimama mwanamke mwenye sinia ya fremu za miwani mikononi. Gauni lake refu lilikuwa la rangi ya zabibu mbivu, mtandio wake mweupe ameufunga kwa nadhifu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulia yote aliyokuwa nayo, akabaki na macho safi. Jengo zima lilimwita Bi Macho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusaga lenzi na kuunda miwani katika duka la ghorofa ya nne. Yeye hakuitazama lifti. Alimtazama fundi, aliyekuwa ameshika mchoro wa nyaya, akiusogeza mbali na uso, akiurudisha, akiusogeza tena.

"Fundi," akamwambia, "hiyo karatasi ukiipeleka mbali zaidi itakubidi uajiri mtu wa kukushikia."

"Mwanga ni hafifu, dada."

"Mwanga umekukosea nini? Taa iko juu ya utosi wako. Hapo kidole kilipo pameandikwa namba gani?"

"Sita."

"Nane."

Fundi akatazama tena, akakunja uso, akauchomoa waya mmoja na kuuhamishia tundu jingine. Lifti ikanguruma, ikajitikisa, ikafungua mlango. Watu wakapiga makofi na kumiminika ndani. Yeye akabaki amesimama na bisibisi mkononi, anamtazama mwanamke yule kama mtu aliyeokotewa kitu asichojua kwamba amekipoteza.

"Ghorofa ya nne, duka la miwani," Bi Macho akasema akipanda ngazi. "Njoo kabla hujamwua mtu."

"Nikija nimuulizie nani?"

"Bi Macho. Na ukikosea mlango, nitajua ugonjwa umezidi."

Alikuja kesho yake, ameoga, ana shati jeupe lenye mikunjo ya pasi isiyozoea shati. Bi Macho akampima, akamchagulia fremu nyeusi nyembamba, na miwani ilipokuwa tayari akamvisha mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, unaona nini?"

Fundi akamtazama kwa muda uliozidi kidogo adabu. "Naona nilikuwa nimepitwa na mengi."

Basi mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa mzaha, kama yanavyoanza mapenzi ya watu wazima wanaoogopa kuonekana wana haja. Simu zikawa hazipoi.

"Bi Macho, lifti ya hospitali imenigomea tangu asubuhi. Nipe neno la faraja."

"Soma namba vizuri."

"Hilo ni neno la faraja hilo? Wenzangu wanaambiwa laazizi, wanaambiwa nuru ya moyo!"

"Wenzako wanaona bila kusaidiwa. Haya, nuru ya moyo wangu, soma namba vizuri."

Hakumficha kwamba ni mjane. Mumewe wa kwanza alikuwa fundi wa umeme, akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi wakiwa hawajapata mtoto. "Sikuachiwa kitu," alimwambia, "na kwa wakwe nilitoka salama." Neno la pili lilikuwa kweli. La kwanza halikuwa kweli, na kwa sababu hadithi hii yote imejengwa juu ya neno hilo moja, yafaa lielezwe.

Kila mwanzo wa mwezi, tangu alipotoka eda, fedha ziliingia katika akaunti yake kutoka kwa baba wa marehemu. Mzee yule, fundi wa kujalidi vitabu aliyekwisha kustaafu, alimweleza kwamba kampuni ya ujenzi imekubali kulipa fidia kidogo kidogo kupitia kwake. Bi Macho hakuzitumia. Kila zilipofika alimpigia simu: "Baba, zimefika." Naye mzee alimjibu: "Alhamdulillahi, mwanangu. Umekula? Kazi inaendaje?" Wakaongea mpaka salio la mmoja wao liishe. Aliona haya kuzila fedha hizo, kwa kuwa zilikuwa bei ya mtu; na aliona haya kuzitaja, kwa kuwa kila zilipoingia alihisi bado ni mke wa nyumba ile. Aliazimia kumwambia Fundi. Aliazimia mara nyingi. Lakini wakaenda kuitazama nyumba.

Ilikuwa fleti ya vyumba viwili katika jengo jipya, ghorofa ya tatu, bado inanuka rangi. Dirisha la sebule lilitazama uwanja wa shule, na sauti za watoto zilipanda mpaka juu kama ndege. Fundi alifungua mabomba yote na kuyafunga, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Bi Macho akasimama dirishani akipima mwanga.

"Hapa nitaweka meza yangu ya kazi," akasema.

Fundi akaja kusimama kando yake. "Unajua, mimi nimelelewa katika vyumba vya watu. Mama alitufundisha kukohoa kwa adabu: geuka ukutani, ziba na nguo, mwenye nyumba asisikie. Siku nitakayokohoa kwa sauti ndani ya nyumba yangu, nitajua nimefika." Akacheka, lakini macho yalimng'aa nyuma ya miwani. "Na iwe jasho lako na jasho langu, mpenzi. Sitaki humu hata msumari wa mtu wa tatu."

Bi Macho akafumba mdomo alioanza kuufungua, ingawa bila fedha zile malipo ya awali yasingetimia.

*

Wakili aliyewasimamia alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mgumu wa maswali. Ofisi yake ilikuwa na feni inayolalamika na viti viwili vya wageni vilivyowekwa karibu sana, kana kwamba kila anayekuja pale huja na mwenzake. Taarifa za benki zilikuwa mezani.

"Fundi, zako ziko wazi," akasema. "Mshahara, posho, mshahara, posho. Maisha yako hayana hadithi."

"Hadithi niliikuta ghorofa ya nne, wakili."

Wakili akatabasamu, kisha akageuza kurasa. "Zako, dada, zina hadithi. Kila mwanzo wa mwezi yanaingia malipo kutoka kwa bwana mmoja." Akalisoma jina. "Kiasi kilekile, karibu miaka minne bila kukosa. Ndiyo sehemu kubwa ya malipo yenu ya awali. Huyu ni nani?"

Feni ikazunguka. Bi Macho aliyaona maneno yote yamesimama mbele yake kama watu mlangoni, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie.

"Ni mtu wa nyumbani," akasema.

"Nyumbani wapi?" akauliza Fundi, taratibu.

Wakili akaziweka karatasi chini. "Dada, mimi si mpelelezi. Lakini sheria inanitaka nijue fedha zilikotoka kabla hazijaigusa meza hii. Nikisema sijui, benki haitatoa mkopo na biashara imekwisha. Nataka barua ya bwana huyu. Kama ni zawadi, aseme ni zawadi na si deni, na kwamba hana haki yoyote ndani ya nyumba hiyo. Na yeye pia aonyeshe alikozipata."

Walipotoka, lifti ya jengo lile ilikuwa nzima, lakini fundi wa lifti akateremka kwa ngazi. Bi Macho akamfuata, viatu vyake vikigonga.

"Subiri basi! Si unavyodhani."

"Sijasema ninadhani nini." Akasimama kwenye pembe ya ngazi. "Miaka minne, kila mwezi, bila kukosa. Mimi mwajiri wangu mwenyewe hunichelewesha. Mwanamume gani huyo mwaminifu hivyo, nami simjui?"

Lau angelisema wakati ule, yangelikwisha. Lakini alikuwa amemwona anavyomtazama, na mwanamke mjane hulijua jicho hilo hata gizani: jicho la mtu anayepima bidhaa aliyokwisha kuilipia. Uchungu ukamtangulia ukweli.

"Umekwisha kunihukumu, kisha ndiyo unaniuliza!"

"Nimekuuliza mbele ya wakili. Ukasema mtu wa nyumbani." Sauti ya Fundi ikavunjika hapo. "Mimi nilidhani mtu wa nyumbani ni mimi."

Akashuka, asigeuke. Bi Macho akabaki ameshika chuma cha ngazi, mtandio umemteleza begani. Baadaye alimwandikia ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Neno lililochelewa ni kama dawa iliyopitwa na muda: jina lake ni lilelile, lakini haliponyi.

Akampigia mzee.

"Baba, nahitaji karatasi za fidia. Zile za kampuni."

"Karatasi za nini tena, mwanangu? Kwani fedha hazifiki?"

"Zinafika, Baba. Nataka kununua nyumba. Wakili anauliza zilikotoka."

"Nyumba," mzee akalirudia neno, kama mtu anayeonja chumvi. "Peke yako?"

Angeweza kudanganya, lakini kwa mzee yule ulimi wake haukuwa na njia hiyo. "Hapana, Baba. Si peke yangu."

Badala ya jibu akasikia mtoto mchanga akilia karibu kabisa na simu, akastaajabu, kwani katika nyumba ya mzee hapakuwa na mtoto.

"Hongera," mzee akasema hatimaye. "Mola akutilie baraka. Karatasi nitazitafuta. Wewe usije huku, njia wanaichimba. Nitakuletea mwenyewe dukani."

Hakuleta. Wakili akapiga simu kuonya kwamba mwuzaji amepata mnunuzi mwingine, na hatasubiri zaidi ya Ijumaa. Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Macho akafunga meza yake ya kazi akaenda.

*

Njia haikuwa imechimbwa. Nyumba ilikuwa palepale alipoletwa akiwa bibi arusi: baraza pana ambalo mzee alikuwa akifanyia kazi yake, dirisha la chumba kilichokuwa chake yeye na marehemu, mlango wa kijani. Lakini kamba ya barazani ilikuwa na nguo za watoto, na aliyefungua mlango alikuwa mwanamke asiyemjua, ana mtoto kiunoni.

"Unamtaka baba mwenye nyumba? Zunguka nyuma, dada. Yuko stoo."

Ile stoo aliijua. Zamani ilikuwa ya magunia ya gundi na mabaki ya ngozi za majalada. Sasa ilikuwa na kitanda chembamba, mswaki ndani ya kikombe, msahafu juu ya rafu, na kanzu moja iliyopigwa pasi ikining'inia msumarini. Mzee alikuwa amekaa kitandani, anashona mgongo wa kitabu kwa mkono, ameuinamia karibu kugusa. Alipomwona, sindano ikasimama.

"Nilikwambia usije."

"Ndiyo, Baba. Njia haijachimbwa."

"Wameifukia," akasema mzee. Kisha akacheka, na kicheko kikaishia njiani. "Mimi na uongo hatujapata kuzoeana. Kaa, mwanangu. Kaa hapa kitandani, kiti kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?"

"Kimeifuata mashine ya kukatia karatasi."

Mashine ile ndiyo iliyomlishia mwanawe. Bi Macho akakaa. "Baba, fidia iko wapi?"

"Hakuna fidia."

Mzee akakiweka kitabu kando kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Kampuni walisema hayumo katika watu wao; ni kibarua aliyeletwa na kibarua. Nikaenda, nikarudi, mpaka mlinzi wa getini akawa ananiuliza hali ya shinikizo langu la damu. Siku moja nikakuta geti lina kufuli, kampuni imehama na jina lake. Nikarudi. Wewe ulikuwa bado katika eda, umekaa pale dirishani, unaitazama mikono yangu. Sikuweza kukuonyesha mikono mitupu."

"Ukasema wamekubali kulipa kidogo kidogo."

"Nilisema. Mola anisamehe. Nikapangisha chumba chenu, nikajiambia nitatuma miezi michache mpaka upate kazi. Ukapata kazi. Nikasema, haya, sasa basi, nitamwambia zimekwisha. Lakini..."

"Lakini nini, Baba?"

Mzee akatazama ukuta. "Kila nikituma, unanipigia simu. Unasema, 'Baba, zimefika.' Marehemu nilikuwa naye mmoja tu, na mama yake alikwisha kutangulia. Nani mwingine duniani ananiita Baba? Nikaogopa kwamba fidia ikiisha, na simu itaisha. Basi nikapangisha chumba cha pili. Kisha na sebule."

Bi Macho akaukumbatia mkono wake wenye sugu za sindano, akalia juu yake bila sauti. Sheria yetu imeliweka jambo hili kwa hekima: mume akifa, mke huwa huru kuolewa na mwingine, lakini baba wa mume harudi kuwa mgeni. Haifai amwoe milele. Ni maharimu wake mpaka kaburini. Kamba ya ndoa hukatika, ubaba ukabaki, na hakuna aliyewahi kumwambia mzee yule kwamba haki hiyo anayo bure, hailipiwi kwa mwezi.

Simu ikalia mkobani. Ni Fundi.

"Wakili amenipa barua ya kusainiwa." Sauti yake ilikuwa kavu kama chuma. "Anaitaka leo kabla hajafunga ofisi. Nipe mahali anapokaa huyo bwana wako, nitampelekea mimi mwenyewe."

"Njoo," akasema Bi Macho kwa pua iliyoziba. "Nipo naye."

"Upo naye."

"Nipo naye, Fundi. Njoo umwone."

Akamwelekeza. Akaja kabla ya alasiri, bado na ovaroli, bahasha kwapani, taya limefungwa kama la mtu aliyefanya mazoezi ya ugomvi njia nzima. Akazunguka nyuma alikoelekezwa, akainama kuingia mlango mfupi, akamwona aliyekuwamo. Taya likalegea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe."

"Ndiye mimi. Na wewe, mzee, ni..."

"Mimi ni baba wa aliyekuwapo kabla yako."

Bi Macho akamweleza yote, kwa maneno machache, pale alipokaa. Fundi alisikiliza amesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Maelezo yalipokwisha, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, ingawa ilikuwa safi.

"Nilikutazama vibaya," akasema. "Na hii miwani umenipa wewe."

"Na mimi nilikuficha. Tusishindane, mpenzi wangu, sote tumekosa."

"Haya, yamekwisha hayo," mzee akawakatiza, akinyoosha mkono. "Lete barua. Fedha nimezitoa kwa radhi yangu, na kodi nina risiti zake zote. Wakili wenu ataridhika. Nipeni kalamu mkawahi."

Fundi akaitoa barua na kalamu. Na tuseme kweli, alitaka isainiwe. Ndani ya karatasi ile aliliona dirisha la sebule, meza ya kazi, sauti za watoto zikipanda kutoka uwanjani. Aliona maisha yake yote ya vyumba vya watu yakiishia kwenye mstari mmoja wa wino. Akaiweka mapajani mwa mzee.

Mzee akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu kilichopita mikononi mwake. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba fedha hizi ni zawadi wala si mkopo, kwamba sizidai wala sitazidai, na kwamba sina haki yoyote ndani ya nyumba hiyo." Akakomea hapo. Akaurudia mstari wa mwisho kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Hata haki ya kupiga hodi?" akauliza.

Alitaka kuwachekesha. Hakuna aliyecheka. Akaishika kalamu, akajikohoza. Kikohozi kikamzidi, naye akageuka upesi ukutani, akaziba mdomo kwa upindo wa kanzu, akakohoa chini kwa chini, mabega yakitikisika, ili wapangaji wa upande wa pili wasisikie.

Fundi akamtazama mzee akikohoa kwa adabu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akainama, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa mzee.

"Usitie sahihi, mzee."

"Nini tena? Si mmesema saa zinakwenda?"

"Baba," Bi Macho akasema, "wakili anauliza zimetoka wapi. Hakuna anayeuliza zimemwacha nani bila kitu."

Fundi alikwisha kupiga simu. "Wakili? Barua haitakuja... Ndiyo, nina uhakika. Huyo mnunuzi mwingine," akaigeuza bahasha mkononi, "mpe yeye. Mwambie bomba la jikoni limelegea kidogo, alikaze." Akaikata simu, akageukia mlangoni wasimwone uso.

Lakini mzee alikuwa amesimama, na sauti yake, ambayo kwa miaka haikuwa imepanda, ikapanda. "Mmefanya nini? Mnajua mmefanya nini? Basi mimi nimelala stoo muda wote huu bure? Nimeiuza mashine yangu bure?"

"Si bure, Baba. Nitakurudishia. Wapangaji watoke mmoja mmoja, upate chumba chako."

"Kinachotoka mkononi kwa radhi hakirudi!"

"Basi nitakuletea kila mwezi."

"Nitakataa kila mwezi."

"Tutagombana kila mwezi, Baba."

Mzee akakaa. "Angalau tutagombana," akasema chini.

Fundi akageuka. "Mzee, kuna njia nyingine. Utupangishe sisi huko mbele. Tukae na wewe, tukutunze."

Kwa Fundi lilikuwa neno la wema tupu. Uso wa mzee ukabadilika kama taa iliyopitiwa na upepo. "Mkae pale? Yeye na wewe? Chumba kilekile?" Akatikisa kichwa polepole. "Nakushukuru, mwanangu, na Mola amekusikia. Lakini moyo wangu mimi ni nyama. Hapana."

Fundi akaikunja barua, akairudisha katika bahasha, kisha akapiga magoti juu ya sakafu ya saruji, mbele ya kitanda.

"Mzee, nyumba nimeikosa. Nimebaki na ombi moja tu, nalo halihitaji risiti. Namtaka awe mke wangu."

"Mimi si walii wake. Walii wake wa kumwoza ni kaka yake. Nenda kwa kaka yake."

"Kwa kaka yake nitakwenda. Lakini sikuona vizuri kuupita mlango wako."

Bi Macho aliangalia mikono yake mwenyewe. Aliona haya kumtazama yeyote kati yao, kwa kuwa wote wawili alikuwa akiwapenda, na furaha ya mmoja ilikuwa ikikatwa kutoka ubavuni mwa mwingine.

"Nimekubali kwa ulimi," mzee akasema hatimaye. "Moyo utafuata. Ni mzee, hautembei haraka. Msiusubiri, nendeni."

Hakutoka kuwasindikiza. Walipita chini ya nguo za watoto wa watu, wakafika barabarani, na hapo Bi Macho akasimama akalia kwa sauti, naye Fundi akamshikia mkoba, akasimama upande wa jua ili ampe kivuli.

"Tutakaa wapi?" akauliza alipopata pumzi.

"Vyumba vya watu vipo vingi, laazizi. Mimi navijua vyote."

Fleti ile ikanunuliwa na mtu ambaye karatasi zake zilitimia. Ndoa yao ilifungwa nyumbani kwa kaka yake bibi arusi, mchana, mbele ya watu wachache. Bibi arusi alivaa gauni la krimu alilolishona dada wa rafiki yake, na bwana arusi aliisoma hati ya ndoa neno kwa neno bila kuisogeza mbali. Kiti kimoja mstari wa mbele kilikaa kitupu mpaka watu wakatawanyika. Mzee alikuwa ametuma salamu na dua njema, na udhuru kwamba miguu inamuuma. Na wote wawili walipozisikia salamu zile walijua kwamba haikuwa miguu.